Jina Liliitwa Alhamisi

Mama Fundi alimaliza kushona pindo la sketi ya mteja, akakata uzi kwa meno, akafunika cherehani na kwenda kupanga foleni kwenye dirisha la karani wa soko. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kugawa vibanda vya soko jipya. Soko la zamani, alikoshonea tangu mumewe afariki, lingebomolewa Jumatatu, na asiyepata kibanda shauri yake.

Foleni haikuwepo. Muuza nyanya, jirani yake wa miaka mingi, alimweleza huku akitazama pembeni. Vibanda viligawiwa jana. Kipaza sauti kilipita asubuhi, watu wakaitwa majina, asiyeitika akarukwa.

"Nilikuja mwenyewe kukuita kule kanisani, dada. Wifi yako akanizuia mlangoni."

Jana Mama Fundi alikuwa amefunga. Kanisani kwao mwenye shida nzito huingia chumba cha maombi alfajiri, akavua viatu, akamkumbusha Mungu ahadi zake moja moja, na ndugu yake hukaa mlangoni asije mtu akamkatiza. Alisimama mpaka miguu ikavimba. Ulisema mjane humtupi, alimwambia Mungu, basi nipe mahali pa kuweka cherehani yangu. Jioni alitoka na moyo mweupe, akanywa uji akicheka. Kumbe alipokuwa akiomba kibanda, jina lake lilikuwa likiitwa sokoni.

Wifi yake alikuwa bombani akiteka maji. Alipomwona anavyokuja, alitua ndoo.

"Muuza nyanya aliniambia ni habari za vibanda. Nikamjibu vibanda ni kesho, na wifi yangu yuko na Mungu, hatoki. Nikajiona mlinzi hodari kweli. Nisamehe, wifi."

Mama Fundi alitaka kukasirika akashindwa. Angekaa yeye mlangoni, angefanya vivyo hivyo. Tena sauti ya muuza nyanya aliisikia kupitia ukutani, akadhani ni shetani anamvuruga, akazidi kupaza sauti ya maombi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, wala hakuwa na wa kumlaumu.

Walikwenda wote wawili dirishani kwa karani. Karani ndiye aliyemwambia Mama Fundi kwamba vibanda ni Ijumaa. Mama Fundi alimuuliza mara mbili, na mara mbili karani akamjibu hivyo. Sasa alieleza bila haraka kwamba mheshimiwa wa kupigwa picha akigawa vibanda alipata nafasi Alhamisi tu, na mheshimiwa hasubirishwi. Vibanda vimekwisha. Mama Fundi aliuliza kuhusu kile cha pembeni chenye kufuli jipya. Kina mwenyewe, karani alisema. Soko zima lilijua mwenyewe ni shemeji yake karani, ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti.

"Mama, wewe ni mtu wa sala," karani alisema kwa upole. "Mungu atakufungulia mlango mwingine."

"Mungu nimeshinda naye jana kutwa, nikimkumbusha alichoniahidi," Mama Fundi alisema. "Leo nimekuja kwako. Uliniahidi Ijumaa."

Karani alitazama saa, akasema ni muda wa chai, akafunga dirisha.

Wifi alifumba macho, akaanza kusema taratibu, "Baba, ulisema..." Mama Fundi alimshika mkono.

"Ngoja kwanza, wifi. Tugonge."

Wakagonga. Ndani walisikia kijiko kikikoroga sukari kikombeni, bila haraka. Wakagonga tena.