Gari la Kuvuta Kinu

Gari la tatu hilo, na Wandera yumo tena ndani, amevua viatu, amelala chali kitandani. Mume wangu akikagua gari huanza kwa kulala.

"Nelima, njoo uone! Miguu inafika bila kukunja!"

Sitaki miguu. Nataka injini. Nina kinu cha kusaga mahindi juu ya trela, chuma kitupu, na msimu wa mavuno huko Masindi umefika. Mimi huzunguka nacho vijijini nikisaga, nalala popote usiku unaponikutia, ndiyo maana natafuta gari lenye kitanda. Mwaka jana nilikivuta kwa pikapu, na kwenye mteremko wa Mbuya trela likaisukuma pikapu hadi ukutani. Mungu alinifunika. Pikapu haikupona. Nikikosa gari sasa, kinu kitaota kutu uani na wateja wangu watasaga kwingine.

Hayo nimemwambia Wandera mpaka mate yamenikauka. Yeye ananijibu godoro. Mtu anatunza stoo ya hosteli Kyambogo, sijui wiki hii nzima anapata wapi nafasi ya kunifuata kwenye yadi za magari. Hata kumuuliza sikumuuliza, nilikuwa nimejaa hasira.

"Mama, hii gari iko na nguvu mingi," alisema Fadhul, muuzaji. "Inavuta hata nyumba."

"Kuvuta si neno, ssebo. Inasimama? Mteremko, na mzigo nyuma?"

Fadhul akashika pazia. "Iko na friji."

Banange! Nikawaacha na friji yao. Pembeni mwa yadi nikaona lori dogo la dizeli, bodi limegeuzwa chumba, nyuma ndoano nene na nyaya za kuunganisha breki za trela. Nikamwambia Fadhul apande. Wandera akapanda nyuma, kitandani, bila shaka. Tukaenda nyumbani Mbuya, tukafunga kinu, nikashuka mteremko ule ule. Palepale kwenye ukuta nikakanyaga breki. Lori likasimama, na kinu kikasimama nyuma yake. Nilitaka kulia kwa furaha.

Nikafungua mlango wa nyuma.

"Hili halifai," alisema Wandera. "Kitanda chembamba."

"Wewe mwanamume utaniua! Nalala peke yangu, kinanitosha!"

"Na mimi nilale wapi?"

"Nyumbani! Si una stoo?"

"Kazi nimeacha. Funguo nilizirudisha wiki jana." Alikuwa akiangalia soksi zake. "Siku ile nilikuwa stoo, nikapigiwa simu kwamba umegonga ukuta. Aliyepiga akakata kabla hajasema kama u mzima. Nilikimbia toka Kyambogo mpaka hapa, Nelima. Sitaki tena kupigiwa simu."

Na wiki nzima nilikuwa nikimtukania vitanda.

"Mama, unachukua?" Fadhul aliita kutoka mbele.

"Nachukua!" Nikavua viatu. "Sogea," nikamwambia Wandera.

Akasogea mpaka akabanana na ukuta wa bodi. Nikalala ubavu, mguu mmoja ukining'inia nje. Kitanda kilikuwa chembamba kweli.