Jicho la Mkiani

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Sajini Wendell Hutto ilikuwa kulala kifudifudi. Si utani. Ndege yao ya mizinga, inayoruka kutoka kambi moja ya kaskazini mwa Florida, ina kuba la kioo chini ya mkia, na humo Hutto hujilaza, kafungwa mikanda kama mzigo, akichungulia chini. Ndege yenyewe ni kubwa na nzito. Ili mzinga wa ubavuni ulenge mahali pamoja, inabidi izunguke polepole, kushoto, kushoto, kushoto tu, hata mtoto wa chekechea anaweza kuinyooshea kidole. Kombora likirushwa kutoka ardhini, Hutto hupiga kelele, "Kata kulia!" na rubani hukata bila kuuliza. Watu saba wanarudi makwao kula.

Sasa ndege ilikuwa inafanywa ya kisasa. Hutto hakuwa mtu wa kupinga mambo mapya. Injini mpya alizipenda, skrini alizizoea, na yale makombora madogo yanayoweza kupiga pikipiki bila kugusa duka la jirani aliyasifu mwenyewe. Lakini alipoambiwa kuba litazibwa na kamera sita zishike kazi yake, damu ilimchemka. Alikwisha kuziona kamera hizo jua likiwaka juu ya ghuba. Zilikuwa hazioni kitu, kama kuku giza la magharibi likiingia.

Majaribio yalikuwa ya siku moja, mruko wa asubuhi na wa mchana. Watu walio ardhini wangerusha roketi za moshi zisizodhuru, tatu kwa kila mruko. Kamera zikiziona, kengele italia. Kamera zikishindwa, kuba litabaki kwenye ndege zote.

"Na mimi?" Hutto aliuliza.

"Fanya kazi yako kama kawaida," alijibu Lindqvist, mhandisi wa kamera.

Asubuhi kengele ililia mara mbili. Roketi ya tatu ilitokea upande wa maji, kengele kimya. Hutto akapiga kelele, na rubani, Kapteni Ybarra, akakata kulia. Walipotua, Lindqvist akajaza fomu: tatu kwa tatu.

"Ya tatu nimeiona mimi!"

"Najua, Sajini. Ila fomu inauliza kama ndege imeokoka au imepigwa. Imeokoka."

"Haiulizi nani kaiokoa?"

"Haina nafasi hiyo. Naweza kuandika kwenye maoni."

"Nani anasoma maoni?"

Lindqvist akatabasamu kwa huruma, na Hutto akatamani kumsokomeza kwenye mzinga.

Gainey, mpakiaji wa mzinga huo, alimkuta kantini akimkodolea macho samaki wa kukaanga ambaye hajamgusa.

"Wendell, we mzee una akili kweli? Unawafanyia kazi halafu wanakufukuza kwa kazi hiyo hiyo! Mchana ikija upande wa maji, funga domo. Ndege ipigwe, waandike imepigwa."

"Huo si udanganyifu?"

"Udanganyifu upi? Kamera haioni, na wewe huoni. Moshi tu, bwana! Nani kafa kwa moshi?"

Hutto alifikiri sana. Vijana watakaopelekwa vitani na kamera hizi hawatarushiwa moshi. Akanyamaza leo, wao watapona kesho. Hesabu ilikuwa nyepesi mno.

"Sawa," akasema. "Nafunga."

"Apa."

"Naapa. Hebu nipishe nile."

Mchana jua lilikuwa kali zaidi. Roketi ya kwanza, kengele. Ya pili, kengele. Hutto akauma meno na kusubiri. Kisha pale maji yalipometameta ukachomoza uzi mweupe, mwembamba, ukipanda moja kwa moja kuelekea tumboni mwa ndege. Kengele kimya. Hutto alihesabu moja. Akahesabu mbili.

"Kata kulia! Kata! Kata!"

Ndege ikalala ubavu, vyombo vikagongana, na moshi ukapita kando.

Lindqvist aliwasubiri kwenye lami, uso umemchanua. "Sita kwa sita, Sajini! Wiki ijayo tunaanza kuziba." Akampa mkono. Hutto akaushika, na alijichukia kwa kuushika.

Mhandisi alipoondoka, Gainey alikuja mbio na kofia yake mkononi.

"Tulikubaliana nini? Umeniapia! Maneno mawili tu umeshindwa kuyameza? Kwa nini, Wendell?"

Hutto alijaribu kufungua mkanda wa kifuani. Alikosa kifungo mara mbili.

"Nilisahau kwamba ni moshi," akasema.

Gainey alikuwa na matusi tayari mdomoni. Hakuyatoa. Akainama akamfungulia mkanda.