Laurencia Anakili Diski ya Chanjo

Kwa miezi minne Laurencia, muuguzi wa zahanati mwenye miaka hamsini na tatu, alisoma kompyuta jioni pale Kilindoni, na kwa miezi minne hiyo hakugusa kitufe cha Enter bila kufanya ishara ya msalaba. Jumatano ile aliifanya mara mbili.

Mbele yake palikuwa na diski mbili za ukubwa mmoja. Ya zamani ilitoka kwenye kompyuta ya zahanati, na ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za chanjo za watoto za miaka kumi na moja. Ya pili ilikuwa tupu. Daktari Obed, mkuu wake, alitaka ya zamani ipelekwe jioni hiyohiyo ofisi nyingine, ikafutwe na kutumika upya, ilimradi Laurencia atie saini kwamba nakala ni kamili.

"Mama, nisomee amri yako," alisema Hafidhi, mwalimu, kijana aliyezaliwa Laurencia akiwa tayari kazini.

"dd. Kwenye if, yaani inakotoka, diski ya zamani. Kwenye of, inakokwenda, diski mpya."

"Ukizigeuza?"

"Nanakili utupu juu ya watoto."

"Na dd itakuuliza kama una hakika?"

"Haiulizi mtu."

"Kama mume wangu," alisema Siwema, fundi cherehani wa kiti cha pili.

Laurencia akabonyeza. Mtakatifu Antoni, ambaye kazi yake ni vitu vilivyopotea, alimwomba safari hii akae pembeni, maana hakuna kilichopotea bado na hakupenda kumpa mawazo.

Baada ya dakika ishirini nakala ilikwisha. Hafidhi alikuwa ameenda kuswali magharibi. Aliporudi akaagiza uhakiki: kompyuta isome kila diski mwanzo hadi mwisho na kuitolea alama sitini na nne, herufi na tarakimu. Diski zikifanana, alama zinafanana.

Ya zamani ilianza na 7c41. Mpya ilianza na a09e.

Obed alikuwa ameshafika mlangoni. "Sista, dereva ananisubiri."

"Kuna aliyefungua diski ya zamani baada ya kunakili?" Hafidhi aliuliza.

Laurencia alifikiria kumsingizia Siwema, akashangaa wazo lilivyokuja bila kuombwa.

"Ni mimi," alisema. "Nilichungulia kama dd haijawala watoto. Nikaona majina yao, nikamshukuru Mungu, nikafunga."

"Ukiifungua hivyo, mama, kompyuta inaandika humo saa uliyoifungua. Kidogo tu, ila si ileile tena."

Laurencia akamkumbuka mtume asiyeamini mpaka aguse. Tomaso alitia mkono ubavuni mwa Bwana na ubavu haukubadilika. Hii diski ilikuwa na mishipa laini kuliko Mkombozi.

"Basi tofauti ni hiyo tu," alisema Obed. "Weka saini."

"Labda ni hiyo, Daktari. Labda na mtoto mmoja juu yake. Sijui, na karatasi inasema najua."

"Dereva..."

"Mpe pole."

Wakanakili upya. Laurencia aligeuza kiti akatazama ukuta, na Siwema akaombwa kumlinda asichungulie, kazi aliyoifanya kwa furaha isiyo ya lazima. Alama zilipotoka, zote mbili zilianza na 7c41. Hafidhi akasema kompyuta inaweza kuzilinganisha yenyewe. Laurencia akajibu kwamba kompyuta ndiyo mshitakiwa.

Basi Obed, kwa kuwa alikuwa amesimama bure, akapewa kusoma za diski ya zamani, na darasa lilitazama za mpya na kuitikia, Waislamu kwa Wakristo, kama litania.

"Saba."

"Ipo."

"c."

"Ipo."

Kwenye ya thelathini akaruka moja makusudi, ili amalize.

"Haipo," darasa likajibu.

"Anza tena, Daktari," alisema Laurencia.

Akaanza tena. Safari hii zilikuwepo zote sitini na nne. Laurencia akatia saini, akamkabidhi diski ya zamani, na kumshauri njiani asiichungulie.