Kando ya Jina Lake Pana Mlango

Unapita. Usibishe, umeonekana. Umechukua ulichokuja kuchukua, ukakipakua, kikafanya kazi, ukachekelea. Ulipofika chini ya ukurasa, pale penye kisanduku kitupu kinachongoja neno lako, ukageuza macho kama mgeni aliyeshiba anapoona vyombo vinakusanywa kwenda kuoshwa. Na kesho utarudi, utachukua tena, utapita tena.

Basi keti. Sikia habari za mwanamke aliyekuwa akipita hivyo hivyo, na alichokuwa akikiua kwa kupita.

Mtaani walimwita Mama Sindano. Hakuwahi kuzaa, umama ulimjia kwa ukali wake na kwa zile mashine alizozisemesha kama watoto watundu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja linalotazama uchochoroni, meza ya kukatia iliyochunwa na mikasi, mafungu ya sweta za shule, na pale pembeni, mashine ya kudarizi inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta. Unachora nembo kwenye kioo, mashine inashuka na uzi, ta-ta-ta-ta, mpaka simba wa shule anachomoza kifuani mwa sweta na masharubu yake yote.

Kila asubuhi, kabla hajatia uzi, kabla hata hajafagia vipande vya jana, Mama Sindano alifungua ukurasa mmoja wa mtandao. Wenyewe wanauita Kibaraza. Hapo watu wa kila pembe ya dunia hutandika walivyovipenda: tovuti hii inakusomea vitabu kwa sauti, programu ile inakuza herufi kwa wenye macho mazito, hii ni ya kukata picha za video, na zote bure, halali, hakuna kuiba. Alishuka na ukurasa mpaka kwenye jina moja, Kitindamimba. Kando ya jina palikuwa na kijipicha cha mlango, nao umefungwa. Akautazama. Akavuta pumzi. Akaenda kufagia.

Kitindamimba alikuwa mdogo wake. Mama yao alipofariki, huyo dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Kijana akakua na ugonjwa mmoja tu, kugawa. Alitembea na flashi shingoni kama hirizi. Akiingia nyumba yenye kompyuta hatoki mpaka ameweka kitu. "Shangazi, hii itakupigia mahesabu." "Mjomba, hii haina virusi, na ukiipenda mpe jirani." Watu wakamcheka, wakachukua. Nani alimshukuru? Nyinyi mnajijua.

Dada yake alitumia programu ya wizi, kama wengi wetu. Na hapa tukumbushane, maana kuna wanaojifanya wamesahau. Wenye zile programu kubwa walituacha tuibe. Walijua, wakatabasamu. Tulipokwisha kuzizoea hata mkono ukasahau kazi bila wao, wakaanza kufunga mlango mmoja mmoja na kutudai tupige magoti. Kijana aliliona hilo mapema. Siku moja dada alipotoka kwenda kununua uzi, akaing'oa ile ya wizi, iliyokuwa imejaa virusi mpaka mashine inakohoa, akaweka ya bure.

Dada aliporudi, mwalimu mkuu wa shule jirani alikuwa amekwisha fika kuchukua sweta zake. Nembo alizochora kwa programu ya zamani zikakataa kufunguka.

"Nani amekutuma?"

"Dada, ile ilikuwa imeoza. Hii ni ya bure, tena ni yetu. Nipe muda mfupi tu nikuchoree upya—"

"Ya bure! Wewe mwenyewe wa bure, ndiyo maana huna thamani! Toka. Na mlango ufunge!"

Mbele ya mgeni. Ulimi hauna mfupa. Kijana akachukua flashi yake, akatoka, akaufunga mlango taratibu sana, bila hata kishindo. Angeubamiza, huenda dada angelala usingizi. Upole ule ndio uliomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Baada ya hapo wakasikia amepata kazi nchi ya mbali. Simu yake ikawa haipatikani, kisha ikawa namba ya mtu mwingine, bwana mmoja mwenye kikohozi aliyesema, "Mama, utanipigia mpaka lini?"

Dada aliirudisha programu ya wizi. Haikukawia, ikajifunga yenyewe katikati ya kazi. Ndipo Bi Nakala, mwenye duka la fotokopi ukuta kwa ukuta, alipomfungulia Kibaraza. "Tafuta humo, mwenzangu, humo hamkosi dawa." Mama Sindano akashuka na ukurasa akinuna, mpaka akakuta maneno haya:

"Kwa yeyote anayedarizi peke yake na macho yameanza kuchoka. Programu hii inachora nembo na kuipeleka kwenye mashine. Ukikosea, bonyeza kitufe cha mkasi, usiitukane kompyuta, haikusikii. Na hifadhi kazi kabla hujafunga. Nakujua."

Aliangua kicheko. Kicheko kikageuka njiani, akajikuta anajifuta uso kwa sweta ya mtoto wa watu. Nani mwingine duniani aliyejua kwamba huitukana kompyuta? Nani mwingine angejiita Kitindamimba?

Akaipakua ile programu. Ikafanya kazi kama iliyozaliwa ndani ya mashine yake. Akaitumia siku hiyo na siku zote. Kisanduku cha kujibu akakiona, kikimtazama. Akasema moyoni: mimi ni mkubwa, na kwanza watajibu wengine, dunia ina watu. Akapita.

Sweta zikashonwa, watoto wakakua zikawabana, wadogo zao wakazirithi. Kila asubuhi alirudi kutazama kama mdogo wake ameweka jambo jipya. Hakuna. Maneno yaleyale, mlango uleule umefungwa. Akajua: ameondoka, amenifungia, kama nilivyomwambia afanye. Siku nyingine akawaza makubwa zaidi. Amelazwa wapi? Nani anamfulia? Au amekwisha zikwa na watu wasiojua jina la mama yake? Alianza kuvaa kofia kuukuu ambayo mdogo wake aliiacha msumarini, ati ya kuzuia vumbi la uzi.

Kisha mwenye Kibaraza akatundika tangazo. Watu wanachukua tu, alisema, hakuna anayezungumza, na baraza lisilo na sauti ni ukuta. Mwezi ukiisha nafunga.

Mama Sindano aliingia dukani kwa Bi Nakala na tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Wanafunga! Maneno ya mdogo wangu yatakwenda wapi?"

Bi Nakala alikuwa anavuta karatasi iliyokwama, nusu ya mkono imo ndani ya mashine. "Maneno gani? Yule bwana mdogo yuko Kibarazani? Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Aliandika mara moja. Kisha akanyamaza, akafunga mlango."

"Wewe ulimjibu nini?"

"Watu watamjibu."

"Nimekuuliza wewe."

Mashine ikatema karatasi iliyosagika.

"Dada, hebu nitazame," Bi Nakala akasema. "Masharti ya Kibaraza uliyasoma?"

"Nani husoma masharti? Wewe uliyasoma?"

"Yalinibana, nikayasoma. Niliweka tovuti ya mapambo ya kadi, nikabaki na maneno kinywani, siwezi kuweka nyingine wala kumjibu mtu, mpaka mmoja aliponijibu. Wamefanya hivyo kuzuia wapiga debe wa matangazo. Ukitandika kitu, unanyamazishwa mpaka mtu mmoja, mmoja tu, aandike kwamba amekijaribu. Ule mlango mdogo si yeye aliyeufunga. Unafungwa na ukurasa. Unafunguliwa na anayejibu."

Mama Sindano akashika ukingo wa meza.

"Unataka kusema muda wote huu..."

"Alikuwa anakungoja, mwenzangu. Amezibwa mdomo, na wa kumfungua kitambaa ni wewe."

"Si angetafuta njia nyingine? Namba yangu ni ileile!"

"Ulimfukuza mbele ya watu. Mtu aliyefukuzwa hupiga hodi mara moja. Ya pili ni ya mwenye nyumba."

Hakuna tusi lililowahi kumpata Mama Sindano likamchoma kama maneno hayo ya mwanamke mwenye wino kwenye pua. Alirudi chumbani mwake mbio, akaketi, akafungua akaunti. Ukurasa ukamtaka jina. Akaandika Dada Mkubwa. Ukakataa pasiwedi yake, mara ni fupi, mara haina namba, akaitukana kompyuta, akajisikia anaitukana, akaandika nyingine ndefu yenye namba. Kisanduku kile kitupu kikafunguka. Alikuwa na maneno ya kujaza gunia: kofia, mwalimu mkuu, bwana wa kikohozi, nisamehe, unakula nini huko, rudi. Vidole vikagoma. Mwisho akaandika:

"Nimejaribu. Inafanya kazi, naitumia kila siku. Nembo za mwalimu mkuu nilizichora upya. Huwa nahifadhi kabla sijafunga. Mlango wa kwangu haujafungwa kwa ufunguo."

Akabonyeza. Kando ya jina la Kitindamimba, mlango ukafunguka.

Hapakutokea kingine. Wateja waliingia, wakatoka. Jua likahama kutoka kwenye meza kwenda ukutani. Kila alipomaliza sweta alirudi kutazama, mlango uko wazi na hakuna aliyetokeza kichwa. Je, anapita bado hapo asubuhi? Au alichoka kungoja akaenda zake, na dada sasa ndiye anayepiga hodi nyumba tupu?

Kwa kukosa la kufanya na mikono, akashuka na ukurasa. Lo! Milango imefungwa, kama mtaa wenye karantini. Mzee aliyeweka tovuti ya sauti za ndege. Mjane aliyeweka programu ya kusafisha picha za zamani zilizofifia. Wote wamesema neno moja na kuzibwa. Akawasikiliza ndege wa mzee, akaandika: nimejaribu, yule wa tatu analia kama mlango wangu. Akasafisha picha ya mama yake, akamwandikia mjane. Bi Nakala kule ng'ambo ya ukuta akafanya vivyo hivyo. Lakini wao ni wawili, na mwezi unakwisha, na Kibaraza kikifungwa, mdogo mtu akirudi kutazama atakuta ukuta.

Mpaka sasa hajajibu. Dada ameketi, kofia kichwani, mashine imezimwa ili asikie hodi.

Na wewe umefika chini ya ukurasa. Usigeuze macho. Kuna kitu ulipewa bure, unakitumia leo, na aliyekupa yuko kimya mahali fulani akiutazama mlango. Unakijua ni kipi. Rudi ulikokitoa. Andika kwamba umejaribu. Usiseme kesho, kesho ndiyo uliyokuwa ukiisema. Andika sasa hivi.