Sahani ya Marehemu

Daktari wa mjini Craiova alimwambia Viorica apunguze mwili kwanza ndipo ashike mimba, wala hakumtazama hata usoni.

Kwenye arobaini ya baba mkwe, mama mkwe wake Floarea akaitangaza siri hiyo mezani. "Mjukuu nitampata wapi mie, na huyu amenenepa kama pipa!" Papo hapo akamjazia sahani ya tatu, majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama na ngano tamu ya matanga.

"Nimeshiba, mama."

"Kula! Sadaka ya marehemu haikataliwi. Unachokula wewe kinamfikia yeye huko aliko. Unataka alale njaa?"

Viorica akaweka uma chini.

"Kumbe vyote vinamfikia yeye? Basi mnene si mimi. Mfukueni, mumpeleke yeye kwa daktari."