Wakwe Wawili na Nyati wa Vitengeni

Randu alikuwa ameshapita miaka sabini wakati nyati alipoingia Vitengeni, na aliposikia habari hiyo alicheka. Habari yenyewe haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Nyati alikuwa amemrusha jirani yao Kahonzi shambani kwake mwenyewe, akamvunja mbavu, na Kahonzi alikuwa amepelekwa hospitali Malindi nyuma ya pikapu, amelazwa juu ya magunia. Randu alimpenda Kahonzi na alimwonea huruma. Lakini neno lile, nyati, lilimwingia kifuani kama ngoma ya harusi inavyomwingia mtu aliyekuwa amelala.

"Wacheka nini?" mkewe Kadii akamwuliza.

"Sicheki."

"Meno yote yako nje, nawe wasema hucheki!"

Kadii alijua kwa nini. Ujanani Randu alikuwa mwindaji wa uta na mshale wa sumu. Alikuwa akipotea katika nyika za Galana na wenzake, akirudi amekonda, na nyama juu ya mabega. Walipata ndovu, walipata nyati. Kisha serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, mwaka wa sabini na saba, na tangu siku hiyo mtu aliyekutwa na mshale wenye sumu alijua atalala wapi. Wenzake Randu walikufa mmoja mmoja kwa maradhi ya kawaida. Uta wake ulibaki umechomekwa darini jikoni, mweusi kwa moshi, pamoja na podo lenye mishale michache iliyofungwa ngozi kichwani. Kila Kadii alipomwambia autupe, alijibu kwamba unazuia dari isianguke.

Chifu alikuwa ameshapeleka habari Malindi kwa askari wa wanyamapori. Walijibu kwamba watakuja, gari likipatikana.

Basi siku hizo hizo pale nyumbani palikuwa na mgeni. Alikuwa Kamande, seremala wa Malindi aliyekaa mtaa wa Kisumu Ndogo, mzaliwa wa Murang'a, ambaye binti yake Idah alikuwa ameolewa na Mwambire, mwana wa Randu. Alikuja kumwona mjukuu. Kwa miaka yote ya ukwe wao, Randu na Kamande walikuwa wamesalimiana kwa macho yaliyotazama chini, na walipokula kuku kila mmoja alimsukumia mwenzake paja mpaka likapoa. Heshima ilikuwa imewazidi hata hawakujuana.

Usiku huo, chakula kilipoisha, Randu alipanda juu ya kinu akateremsha uta.

"Mkwe wangu," Kamande akasema taratibu, "mnyama mkubwa niliyemwona maishani mwangu ni ng'ombe. Kama waenda, nami nakwenda."

Kadii aliweka chini ufagio. "Sikilizeni nyote wawili. Randu, mimi sikukatazi kufa. Umri wa kufa unao. Lakini ukimjeruhi, akakushinda, akakimbia na mshale mwilini, atakayekutana naye ni nani? Ni wewe? Wewe utakuwa hapa wapaka mguu mafuta. Atakayekutana naye ni mwanamke aendaye kisimani."

Hilo ndilo baba yake Randu alilomfundisha kabla hajamfundisha kuvuta uta. Ahadi ikatoka kinywani mwake yenyewe: atakwenda kuangalia tu, akiona anaweza kumkaribia, atatumia mshale mmoja, na asipokuwa na hakika hatauachia.

"Na serikali?" akauliza Kadii.

"Serikali haikuvunjwa mbavu."

Walitoka mapambazuko. Randu alivaa kikoi na fulana. Kamande alivaa viatu vyake vyeusi vya kanisani, maana ndivyo pekee alivyokuja navyo, akabeba panga la kukatia kuni. Nyayo zilikuwa wazi kwenye umande, kubwa kama sahani. Randu alizisoma huku akinong'ona, na kadiri alivyonong'ona ndivyo alivyozidi kwenda kasi. Goti lililomsumbua tangu mvua za vuli halikuuma. Alijisikia mwepesi. Mara mbili alisimama kumngoja Kamande, akamkuta akijiziba mdomo kwa furaha kama mtu aliyeingia arusi asiyoalikwa.

Walimkuta nyati kwenye mikorosho ya Kahonzi. Alikuwa chini ya mti mmoja mnene akila mabibo yaliyoanguka, maji ya mabibo yakimchuruzika kidevuni. Alikuwa dume, tena peke yake, ngozi imenyonyoka mgongoni, sikio moja limechanika.

Randu alimkaribia akizunguka upepo, mpaka akafika pale ambapo zamani angesema panatosha. Akaweka mshale. Akavuta.

Uta ukafika nusu, ukakataa.

Akavuta tena. Mabega yakalia, uta haukusogea. Hapo ndipo alipopaswa kuushusha, na alilijua hilo vizuri kama alivyojua jina lake. Lakini kichwani mwake asubuhi ile palikuwa na raha iliyopanda kama tembo la mnazi, na kabla ya akili kumfikia vidole vilikuwa vimeshaachia.

Mshale uliruka kama kuku anavyoruka ua. Ukaenda upande, ukachoka njiani, ukatua nyasini mbali na nyati.

Nyati akainua kichwa. Randu akaanza kucheka. Alijitahidi kujizuia na hakuweza; kilikuwa kicheko cha tumboni, machozi yanamtoka, na uta mkononi.

"Mkwe!" Kamande akapiga kelele. "Mkwe, anakuja!"

Mkorosho wa karibu ulikuwa na matawi ya chini, shukuru Mungu. Randu aliudandia, uta na podo begani, akaning'inia, na Kamande akamsukuma makalio kwa kichwa chake mwenyewe, kwa nguvu za miaka mingi ya kubeba mbao. Kisha Kamande naye akapanda kwa namna ambayo hakuweza kuieleza baadaye. Nyati aligonga shina pale pale, mti ukatikisika wote, korosho zikawanyeshea. Kiatu kimoja cha Kamande kikaanguka. Nyati akakinusa kwa makini, akakikanyaga.

"Hicho nilikivaa siku ya arusi ya Idah," Kamande akasema.

Randu alimtazama. Kamande akamtazama Randu. Mguu wa mmoja ulikuwa begani kwa mwenzake, kikoi cha Randu kilikuwa kimebaki kwenye tawi la chini, na mkwe alikuwa ameona yale ambayo hakuna mkwe anayepaswa kuyaona. Wakaangua kicheko. Kila mmoja aliponyamaza, mwenzake alimwanzisha upya. Kamande alilikumbatia tawi akisema, "Usinichekeshe, nitaanguka, usinichekeshe!"

Nyati naye alitulia chini yao, amechoka kugonga. Alisimama moja kwa moja chini ya mguu wa Randu, shingo wazi, karibu hata mtu angeweza kumtemea mate.

Kamande ndiye aliyeliona kwanza. "Mpige sasa," akanong'ona. "Hapo hata mimi nampata."

Randu akatoa mshale wa pili. Akaufungua ngozi kichwani polepole, sumu isimguse. Safari hii nusu ya uta ilitosha na kuzidi. Mkono ulikuwa umetulia. Alipaona mahali pale nyuma ya sikio, akapachagua, akashusha pumzi.

Kisha akasikia sauti za wanawake. Zilikuwa zinakuja na njia ya kisimani, wanazungumza na kucheka, ndoo zinagongana, na mmoja wao alikuwa Kadii.

Sumu haiui papo hapo. Mnyama hukimbia kwanza, na anakimbilia pale penye uwazi. Randu aliangalia huku na huku. Uwazi ulikuwa mmoja tu, nao ni ile njia.

Akaufunga mshale ngozi yake, akaurudisha podoni.

"Umeogopa?" Kamande akauliza, bila dharau.

"Nimeogopa sana," Randu akasema. Kisha akapaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza tangu ujana: "Kadiii! Rudini! Nyati yuko hapa! Rudini nyumbani kwa Kahonzi!"

Wanawake walirudi mbio, wakajifungia nyumbani kwa Kahonzi. Lakini walipoona wako salama hawakukaa kimya. Wakatoka uani wakaanza kupiga ndoo, sufuria na mabati, na kupiga vigelegele juu yake, mpaka ikawa kama shamba zima limepata mtoto. Nyati alisikiliza kwa muda. Akatikisa kichwa, akatoa pumzi nzito, akaondoka zake akitembea tu, akaingia kichaka cha miiba ng'ambo ya shamba.

Kadii alipofika chini ya mti na wenziwe, alitazama juu, akaona alichokiona, akajifunika uso kwa leso.

"Mkwe," akasema kutoka ndani ya leso, "hujambo?"

"Sijambo, mama Mwambire," Kamande akajibu kwa heshima zote. "Karibu."

Kwa kuwa kupanda walipanda, lakini kushuka walishindwa, ikabidi iletwe ngazi. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Adhuhuri gari la askari likawasili. Mkubwa wao aliitwa Dena, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Uta na podo vilikuwa vimeshafichwa chini ya uchaga wa mahindi wa Kahonzi, na Kamande alimshika Randu mkono. "Nyamaza tu," akamwambia. "Hakuna aliyeona."

Lakini furaha yote ya asubuhi ilikuwa imemkauka Randu ghafla. Alikuwa anautazama ule uwanda wa nyasi. Mshale wa kwanza ulikuwa bado humo ndani, umefunguliwa ngozi, na sumu yake, ingawa ya miaka mingi, huenda bado inaua. Mbuzi walipita hapo. Watoto walipita hapo miguu mitupu.

"Bwana Dena," akasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna mshale wangu nyasini pale. Una sumu. Hamtakwenda popote mpaka tuupate."

Dena akamgeukia. "Wajua kwamba kwa neno hilo naweza kukufunga?"

"Najua."

"Ulimpiga nyati?"

"Sikumpiga. Nilimpa habari tu."

Mtu mmoja nyuma alipasuka kicheko, kisha wa pili, na Dena mwenyewe akageuka upande kujikohoza. Walipanga mstari, kila mtu na fimbo, wakazipekua nyasi hatua kwa hatua, Kadii mbele ya wote akimsomea mumewe kila kosa lake tangu walipooana. Ni yeye aliyeuona. Randu aliuinua kwa mkono wake, akaukabidhi kwa Dena pamoja na uta na podo. Dena aliviweka ndani ya gari.

"Nitasema nimeviokota porini," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nikikukuta na vingine, mzee, sitakuwa na la kukuokoa."

Askari waliingia kichakani. Walikaa huko muda ambao kila mtu pale aliuona mrefu. Kisha mlio wa bunduki, na wa pili karibu sana na wa kwanza. Dena alitoka shati limemganda mwilini, na alipojaribu kuwasha sigara kiberiti kilimshinda, Kamande akamwashia.

"Alinitokea hapa," akasema, akionyesha umbali wa kitanda. "Hapa hasa. Nina watoto mimi."

Walimruhusu Randu akamwone nyati aliyekufa. Alichuchumaa kwa shida karibu na kichwa kile kikubwa, akainua mdomo wa nyati akatazama meno. Yalikuwa yamelika mpaka ufizini. Ndiyo maana alikuwa ameacha nyasi ngumu za nyikani akaja kutafuta mihogo na mabibo laini. Randu alimfuta udongo usoni kwa kiganja. Alijiuliza kama angefurahi lau ingekuwa ni mshale wake. Alifikiri angefurahi, na jambo hilo lilimsumbua kidogo. Kisha Kamande akamwita kutoka nyuma, amevaa kiatu kimoja, aje amsaidie kutafuta cha pili, na Randu akasimama akisikia kicheko kinampanda tena.

Kuanzia siku hiyo wakwe hao hawakuangalia chini tena waliposalimiana. Kuku walimgawana kwa kugombania.

Kesho yake alasiri Randu alikuwa hawezi kuinua bega. Lakini Kadii hakumwacha. Alisema haamini kwamba mzee asiyeweza kupanda kitanda bila kuguna alipanda mkorosho; bila shaka mkwe alimbeba. Randu akakasirika, akamchukua mpaka shambani kwa Kahonzi kumwonyesha. Akaushika mti. Akainua mguu. Mguu ulifika magotini mwa mti, kama mti una magoti, ukagoma. Akajaribu upande wa pili. Akajaribu kwa kurukaruka.

"Basi nipishe," Kadii akasema.

Akafunga leso kiunoni, akaikusanya hando, sketi yake ya marinda, akatazama kulia na kushoto, na kabla Randu hajamkataza alikuwa amekaa panda ya kwanza, ananing'iniza miguu, uso unamng'aa kama msichana.

"Kadii, shuka!"

"Siwezi," akasema, na hapo wote wawili wakaanza kucheka. Randu akaegemea shina asianguke, akimpigia kelele mkwe wake alete ngazi.