Chwaka na Kurudi Kabla ya Khutba

Bwana Himid hakuwa mtu wa kusema hapana. Muungwana wa mji huu hasemi hapana. Anakuitia kahawa, anakuuliza hali za wa nyumbani kwako, anaisifu kazi ya mikono yako, kisha anakuwekea sharti ambalo hata jini angeliomba apunguziwe. Mwenye akili zake hulisikia sharti, akashukuru, akamaliza kahawa na kwenda zake. Muhiddin alilikubali.

Muhiddin alikuwa fundi wa majoho, mwenye duka dogo Kiponda, na mkono wake katika nyuzi za dhahabu ndio uliomwingiza katika nyumba za wakubwa. Kwa Bwana Himid uliingia naye mpaka karibu na pazia, na nyuma ya pazia akaisikia sauti ya Thuwaiba, binti wa mwenye nyumba, akikosoa mshono wa kola ya baba yake. Aliukosoa kwa haki. Tangu siku ile fundi hakupata usingizi wa maana. Alimtuma Kazija, mtumishi wa nyumba ile, apeleke salamu, na Kazija akarudi na jibu: Bi Thuwaiba hana neno, baba yake akiridhia.

Basi akaenda kuposa, na baba mtu akaridhia kwa namna ya watu wa mji.

"Sisi kwetu mume ni subira na miguu," alisema Bwana Himid, na wenzake wa barazani wakainamia vikombe vyao wasionekane wakicheka. "Siku ya Ijumaa utoke hapa baada ya sala ya Alfajiri, uende Chwaka kwa miguu. Shemeji yangu Turki atakupa pete yake. Urudi nayo kabla khatibu hajapanda mimbari. Ukiweza, Thuwaiba wako. Mashahidi hawa hapa."

Chwaka ni maili ishirini. Wachukuzi wa mizigo hutoka mjini asubuhi wakafika jioni, wakalala huko, wakarudi kesho yake wakilalamika. Muhiddin alipewa miezi miwili ajitayarishe kabla ya Ijumaa hiyo. Akambusu mkono Bwana Himid, na alipokata pembe ya uchochoro alisikia kicheko kikilipuka nyuma yake.

Asidhaniwe kuwa alikuwa mpumbavu tu. Alikuwa na siri, na siri hiyo ndiyo iliyompa ushujaa. Muhiddin alizaliwa utumwani. Baba yake, Mjaka, alikuwa mpiga simile, yule mtu akimbiaye mbele ya punda wa bwana wake akipaza sauti, "Simile! Simile!" ili watu wajibane ukutani bwana apite. Tangu ana miaka saba, Muhiddin alikimbia ubavuni mwa baba yake kwa miguu mitupu, mpaka alipopelekwa shamba Bumbwini. Amri ya kuacha watumwa ilipokuja akaingia mjini, akajifunza ushoni kwa Mhindi mmoja, akavaa kanzu na kilemba, na kila aliyemuuliza alimwambia baba yake ni Mngazija, kafa zamani, kazikwa Moroni. Watu wakaamini, au wakajifanya kuamini, maana joho lake lilikuwa zuri.

Baba mwenyewe alikuwa hai, Ng'ambo, upande wa Kikwajuni, mahali ambapo mtu anafika kabla hajamaliza kutafuna tambuu yake.

Kwa muda wa mwezi mzima Muhiddin aliamka kabla ya jogoo, akajifunga shuka, akavuka daraja na kukimbia barabara ya mashamba. Wiki ya kwanza alitapika. Ya tatu alifika Mwera na kurudi. Lakini kila akijaribu kupita Mwera kifua kilimbana, akasimama kando ya njia akihema. Barazani kila mtu alikuwa na neno tamu la kumpa. Mmoja alimwambia ana miguu ya paa, mwingine akasema siku ya harusi atamtunza. Walimvika kilemba cha ukoka kila siku, na yeye akakivaa, lakini usiku moyo ulimuuliza: uko tayari, au utakuwa kichekesho cha Ijumaa? Hapakuwa na mtu wa kumwambia kweli ila mmoja.

Alimkuta Mjaka kibarazani anasokota kamba za makumbi. Miguu ya mzee ilikuwa imeliwa na funza mpaka vidole vingi havipo, na alitembea kwa kujiburura.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu Mjaka, wala hakuinua uso. "Lakini umekosea nyumba, bwana fundi. Mngazija hakai hapa. Nasikia kazikwa Moroni."

Muhiddin alisimama kama mwizi. Angelikuwa na haya kidogo angeliomba radhi, lakini alikuwa na haraka. Akamweleza habari ya Thuwaiba, na Chwaka, na kifua kinavyombana. Mjaka akaisikiliza yote akisokota.

"Vua hiyo kanzu," alisema mwishowe. "Kimbia mpaka kisimani urudi. Usisimame mpaka nikwambie."

Fundi wa majoho akakimbia na shuka, kisimani na kurudi, majirani wametoka kutazama, mpaka jasho likamtiririka machoni. Mjaka akamshika mashavu ya miguu, akayabinya bila ya huruma.

"Miguu unayo. Hii nilikupa mimi, hii huwezi kuizika Moroni. Pumzi ndiyo huna. Unakimbia umefumba mdomo kama bibi arusi."

"Nifanyeje?"

"Piga simile."

"Baba!"

"Ulidhani tukipiga kelele kwa ajili ya punda tu? Sauti ile inatoa pumzi yote iliyochoka kifuani, na kifua kikishakuwa kitupu kinajaa chenyewe. Hatua nne, simile. Hatua nne, simile. Mimi nshakwenda hivyo mpaka Mkokotoni, punda akachoka kabla yangu."

"Watu watanisikia."

"Basi ipige ndani kwa ndani."

Akaenda akajaribu. Aliinong'ona tu, meno yamekutana, na ajabu ya Mungu kifua kikafunguka. Akaipita Mwera. Juma la pili yake akafika Dunga na kurudi, akafungua duka lake na kushona mpaka Magharibi asihisi kitu. Ilikuwa imebaki wiki moja aliporudi tena Kikwajuni, safari hii uso umemnawiri.

"Nimefika Dunga, baba. Niambie kweli. Niko tayari?"

Mjaka aliacha kusokota. Aliiweka kamba chini.

"Siku ya kuozwa," alisema, "mimi ntakaa wapi?"

Muhiddin alikuwa amejitayarisha kwa kila swali isipokuwa hilo. Akajikuna shingo. "Baba, wewe unawajua watu wa mji. Siku ile watakuja masharifu, atakuja kadhi. Wataniuliza huyu nani. Lakini chakula chako ntakuletea mwenyewe, wallahi, kwa mkono wangu. Sahani nzima."

"Sahani nzima," alisema Mjaka.

Lilikuwapo jambo ambalo mzee alilijua na mwanawe hakulijua. Sauti ile ikishazoea kutoka na pumzi, haimtii tena mwenye nayo. Mtu akichoka sana hutoka yenyewe. Mjaka aliwaona wapiga simile wazee wakiipiga kitandani, wanakata roho, punda keshakufa na bwana keshazikwa. Alikusudia kumwonya mwanawe siku ile ile. Alikuwa na maneno tayari mdomoni, akayameza.

"Uko tayari," alimwambia. "Nenda."

Ijumaa ilipofika Muhiddin alisali Alfajiri safu ya mbele, akavua kanzu, akatoka mbio. Baraza nzima ilikuwa imeamka kumtazama. Ng'ambo aliipita bado watu wanapiga miswaki. Mwera akaipita, Dunga akaipita, mikarafuu ikaisha nyuma yake na ardhi ikawa mawe matupu, jua limempiga usoni, na simile yake inatoka kwa meno, hatua nne, hatua nne. Alifika Chwaka mapema kuliko alivyotarajia. Aliona furaha hata akacheka peke yake njiani.

Turki, shemeji wa Bwana Himid, alikuwa amekaa kitini mbele ya nyumba yake, mtu mnene mwenye raha zake.

"Ah, bwana arusi! Kaa kwanza, unywe kahawa."

"Pete, bwana. Nakuomba."

"Na salamu je? Himid hajambo? Watoto?"

Muhiddin akajibu salamu zote, amesimama wima. Kisha Turki akaivuta pete, na pete ikakataa kutoka. Kidole kilikuwa kimenenepa kwa miaka mingi ya samaki na halua. Akaitisha maji. Akaitisha sabuni. Akaitisha mafuta ya nazi, na aliyetumwa mafuta akaenda mwendo wa kobe. Kama Turki aliagizwa afanye hivyo au ni unene wake tu, yeye na Mungu wake. Pete ilipotoka, miguu ya Muhiddin ilikuwa imeshapoa na kukaza kama magogo, na jua lilikuwa limepanda vibaya.

Kurudi kulikuwa adhabu. Nyayo zilichanika kwenye mawe. Kabla ya Dunga kifua kikabana tena, na kunong'ona hakukutosha. Pale hapakuwa na mtu, kulikuwa na mbuzi tu, akasema moyoni: nitapaza sauti hapa, mashambani, nikikaribia mjini nitanyamaza. Akapaza. "Simile!" Kifua kikajaa upepo. Akapaza tena, na kila akipaza miguu ilikwenda. Mwera watu wakatoka mashambani kumshangaa, naye akawapita, machozi yanamtoka kwa uchungu wa nyayo, roho yake yote iko kwa Thuwaiba.

Darajani palikuwa pamejaa, siku ya Ijumaa tena, kanzu nyeupe kila upande. Muhiddin alifumba mdomo. Alikusudia kabisa kuufumba. Mdomo ukafunguka.

"Simile! Simile, bwana! Simile!"

Watu wakapisha. Hawakufikiri, miili yao ilikuwa ikiijua sauti ile tangu utotoni. Wauza samaki wakavuta makapu, masharifu wakakusanya majoho na kujibana ukutani, akapita katikati yao kama maji kwenye mfereji. Karibu na msikiti, Bwana Himid mwenyewe, akiwa na mashahidi wake, aliruka kando na kuubana mgongo wake ukutani. Ndipo wote wakageuka kumtazama anayekuja nyuma, na nyuma hapakuwa na mtu.

"Na punda wake yuko wapi?" aliuliza mmoja.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka mtaa wa Malindi. Muhiddin alifika mbele ya Bwana Himid, akaanguka kwa magoti, akamnyoshea pete. Damu ya nyayo zake ilikuwa njia nzima.

Bwana Himid akaitazama pete. "Ni ya Turki," alisema. "Na khatibu bado hajapanda. Umeweza." Akangoja watu wanyamaze. "Neno moja tu. Baba yako nani?"

"Mngazija, bwana. Alikufa zamani."

"Apa. Uko mlangoni pa msikiti, na leo Ijumaa."

Muhiddin akainua macho, na mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa Mjaka. Alikuwa amekaa kwenye kijamvi kando ya ngazi, pamoja na maskini wengine waombao kila Ijumaa, miguu yake ile ameinyosha mbele. Wakatazamana.

"Wallahi," alisema Muhiddin, "baba yangu ni Mngazija na kazikwa Moroni."

"Mjaka!" aliita Bwana Himid.

"Naam, bwana."

"Huyu unamjua?"

"Hapana, bwana," alisema Mjaka. "Simjui."

Muhiddin alishusha pumzi. Alimpenda baba yake dakika ile kuliko alivyowahi kumpenda.

"Mimi nnamjua," alisema Bwana Himid, taratibu, kwa upole wake wote. "Hizo sauti nimezisikia miaka chungu nzima mbele ya punda wa ami yangu, moja ya baba, nene, na moja nyembamba ya mtoto. Leo nimeisikia ile ya mtoto imekuwa nene. Sikiliza, Muhiddin. Mimi nilikuwekea sharti la miguu, sikukuwekea sharti la nasaba, na hawa mashahidi. Ungelisema, 'Baba yangu ni yule pale,' ningelikuwa nimenasa, sina pa kutokea. Lakini umeapa uongo mlangoni pa nyumba ya Mungu. Fasiki simwozi mwanangu. Ahsante, umenitua mzigo."

Kama kweli angelimwoza mwana wa mpiga simile, au angelitafuta kishimo kingine cha kutokea, hakuna ajuaye. Muhiddin aliamini kuwa angelimwoza, na aliendelea kuamini maisha yake yote. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake.

Adhana ikapigwa. Watu wakavua viatu na kuingia, wakimkwepa asiwatie damu nguo. Mlangoni wakabaki maskini na yeye. Alijiburura kwa magoti mpaka kwenye kijamvi.

"Baba," alisema.

Mjaka alimtazama kama atazamavyo kila mpita njia, kisha akanyosha mkono, kiganja juu.

"Sadaka, bwana," alisema. "Leo Ijumaa."

Muhiddin akajipapasa kiunoni. Alikuwa na shuka tu.